Ujuzi Uliojifunza Kazini Ukitaka Kuvuka Nao Mpaka: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali. Mtu amefunzwa na kazi yenyewe, sasa anataka kubadili njia, ama kwa kwenda nchi nyingine, ama kwa kurudi nyumbani, na anataka kujua kama yale aliyojifunza yatahesabiwa huko aendako. Tumechagua barua nne, tumezifupisha, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Nimefanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha kusindika sangara hapa Mwanza, kwenye kitengo cha mitambo ya ubaridi. Niliingia kama kibarua wa kubeba kreti, fundi mkuu akanichukua, na leo kompresa ikizima usiku ni mimi ninayepigiwa simu. Chuo sijasoma. Nimesikia kwamba Ujerumani inatafuta mafundi wa fani hii. Je, uzoefu wangu unatosha kuombea kazi? *Fundi, Mwanza*

Ndugu fundi, uzoefu peke yake hautoshi, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujampa wakala hata shilingi moja. Hilo si kwa sababu ujuzi wako ni mdogo, bali ni kwa sababu ya jinsi Wajerumani wenyewe wanavyofunzwa kazi.

Kwa sheria yao ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1969, fani zaidi ya 300 zimeandikiwa mtaala unaotumika nchi nzima. Mwanagenzi hutia sahihi mkataba na kampuni, akafanya kazi kiwandani siku nyingi za wiki na kwenda shule ya ufundi siku moja au mbili, kwa muda wa kati ya miaka 2 na miaka 3 na nusu. Fani ya mitambo ya ubaridi, ambayo ndiyo yako, inachukua miaka 3 na nusu. Mtihani wa mwisho hautungwi na kampuni iliyomfunza kijana, bali unasimamiwa na chemba ya ufundi au ya biashara ya eneo lile, na ndiyo maana cheti kilichopatikana Hamburg hakiulizwi maswali Munich. Waajiri waliozoea utaratibu huo humwamini fundi kwa kutazama kwanza alipimwa na nani. Ukiwaambia kwamba ulifunzwa na fundi mkuu wako watakusikiliza kwa heshima, kisha watauliza cheti kiko wapi.

Tangu mwaka 2012 Ujerumani ina sheria ya kulinganisha sifa za ufundi zilizopatikana nje na fani zao za ndani, na kwa utaratibu huo uzoefu wa kazi unaweza kuziba mapengo yaliyomo katika masomo ya mwombaji. Kinachozibwa, hata hivyo, ni mapengo ya cheti kilichopo. Masharti yalilegezwa zaidi kuanzia Machi 2024: mtu mwenye sifa ya ufundi iliyosomewa angalau miaka 2 na inayotambuliwa na serikali ya nchi yake, aliyefanya kazi hiyo angalau miaka 2 ndani ya miaka 5 iliyopita, anaweza kuajiriwa bila kungoja ulinganisho huo ukamilike, mradi kazi yenyewe si ya kusajiliwa kisheria na mshahara aliopewa unafikia kiwango kinachowekwa kila mwaka. Sharti la uzoefu wewe umelitimiza mara nyingi. Lililokukwamisha ni lile la kwanza.

Kwa hiyo hatua yako ya mwanzo iko hapahapa Tanzania. Serikali, kwa kushirikiana na VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa akiwa kazini, akaonyeshwa mahali anapopungukiwa, na hatimaye akapewa cheti cha ngazi anayostahili. Cheti hicho kitakusaidia kupanda daraja nyumbani na kuheshimiwa na waajiri wa nchi jirani. Kwa safari ya Ujerumani usiishie hapo, kwa sababu wao wanaangalia pia muda wa masomo, na upimaji wa siku chache si sawa na miaka 2 ya mafunzo. Kitumie kama ngazi ya kuendelea na masomo ya ufundi stadi hadi ngazi ya tatu huku ukiwa kazini.

Njia ya pili ni kwenda kuanza upya kama mwanagenzi kulekule Ujerumani. Kwa kawaida utatakiwa ujue Kijerumani kwa kiwango cha B1, yaani cha kati, na uwe na mkataba wa mafunzo mkononi kabla ya kuomba viza. Mwanagenzi hulipwa, na kiwango cha chini kwa mwaka wa kwanza wa mafunzo yaliyoanza mwaka 2025 ni euro 682 kwa mwezi kabla ya makato. Mgeni, hata hivyo, hutakiwa kuonyesha kwamba ana kipato cha kutosha kujikimu, na kiasi hicho peke yake hakifiki. Sioni aibu yoyote kwa fundi wa miaka tisa kurudi kuwa mwanafunzi. Ninachokuomba ufikirie kwa makini ni familia: miaka 3 na nusu ya posho ya mwanagenzi ni mirefu kwa mtu anayetegemewa nyumbani.

Njia yoyote utakayoichagua, anza leo kuandika kazi zako. Mpimaji, awe wa VETA au wa nchi nyingine, hatauliza ulikaa kitengo gani, atauliza ulifanya nini kwa mikono yako. Anayejibu “nilikuwa upande wa ubaridi” hajasema kitu. Anayejibu kwamba alibadilisha vali za kompresa ya pistoni, alitoa mafuta yaliyojikusanya kwenye mtambo wa amonia, alisoma geji za presha kila saa na kuzijaza kwenye daftari la zamu, na anajua hatua za kufuata amonia ikivuja wakati wafanyakazi wamo ndani, huyo amekwisha kujieleza kama fundi. Andika kwa tarehe, taja aina ya mtambo, na umwombe fundi mkuu wako atie sahihi sasa akiwa bado yupo. Wazee wa namna hiyo hustaafu, na wakiondoka huondoka na ushahidi wako.

Neno moja zaidi kuhusu mawakala. Mwezi Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano ya ajira na uhamaji wa wafanyakazi. Ni makubaliano ya Kenya. Ukitokewa na mtu Mwanza anayekuambia kwamba yanamhusu Mtanzania na kwamba amebakiza nafasi chache, ondoka hapo.

Benki ninayofanyia kazi Nairobi imenichagua kwa mafunzo ya usalama wa mitandao, na itagharamia kila kitu. Sharti ni kwamba nitie sahihi kutoondoka kwa miaka mitatu, na nikiondoka nirudishe gharama zote. Mume wangu amepata kazi Kigali na huenda tukahamia huko kabla ya muda huo kwisha. Nitie sahihi au nikatae? *Msomaji, Nairobi*

Dada yangu, kabla ya kujibu swali la sahihi, jiulize mafunzo yenyewe ni ya nani. Mwanauchumi wa Marekani Gary Becker, katika kazi yake ya mwaka 1964, alitenganisha mafunzo ya aina mbili: yale yanayomfaa mwajiri mmoja tu, na yale yanayomfaa mwajiri yeyote. Kwa hoja yake, mwajiri hana sababu ya kuogopa kugharamia aina ya kwanza, kwa kuwa ujuzi ule hauuziki kwingine, lakini aina ya pili humtia wasiwasi kwamba atalipa yeye na atafaidi jirani. Mkataba kama uliopewa ni zao la wasiwasi huo. Basi angalia ratiba ya mafunzo. Ikiwa sehemu kubwa ni namna ya kutumia mfumo wa ndani wa benki yako, hakuna haki ya kukufunga hata mwaka mmoja, kwa sababu ujuzi huo utauacha mlangoni siku utakayoondoka. Ikiwa yanaishia kwenye mtihani wa kimataifa unaotambuliwa na benki yoyote ya Kigali, Kampala au Dubai, benki inakupa kitu cha thamani kubwa, na ni halali iombe kitu nayo.

Kuomba kitu si sawa na kuomba chochote. Miaka mitatu pamoja na kurudisha gharama zote, bila kujali umekaa muda gani, ni sharti zito mno, na ninakushauri usilikubali lilivyo. Rudi kwa ofisi ya rasilimali watu na uombe mambo haya yaandikwe. Gharama itajwe kwa shilingi, isiachwe kuwa “gharama zote”, maneno ambayo kesho yanaweza kubeba hoteli, tiketi na mishahara ya siku ulizokuwa darasani. Deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, ili aliyekaa miaka miwili asidaiwe sawa na aliyekaa wiki mbili. Deni life kabisa ikiwa ni benki inayokuachisha kazi au kupunguza wafanyakazi. Na cheti kitolewe kwa jina lako, kikae kwako. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu tumepokea malalamiko ya wafanyakazi ambao vyeti vyao halisi vilifungiwa kabatini na mwajiri hadi “watakapomaliza muda”, na mtu asiye na cheti chake mkononi amezuiwa kubadili njia hata kama hakuna kifungu kinachomkataza.

Inafaa ujue kwamba ziko nchi ambazo swali lako lisingekuwa zito hivi. Nchini Ufaransa kila mfanyakazi ana akaunti ya mafunzo ambayo tangu mwaka 2019 huhesabiwa kwa euro: kwa kawaida huingia euro 500 kwa mwaka hadi kikomo cha euro 5,000, na walio na elimu ya chini huingiziwa 800 hadi 8,000. Akaunti hiyo humfuata mtu anapobadili mwajiri, na haipotei akikosa kazi. Kenya imejengwa kwa namna nyingine. Mwajiri hulipa NITA, yaani mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, tozo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na fidia ya mafunzo humrudia mwajiri aliyefunza. Mfanyakazi anaonekana kupitia mgongo wa mwajiri wake. Kwa hali hiyo, ulinzi wako ni ule utakaouandikisha kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu Kigali, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inaruhusu wafanyakazi kutoka nchi moja mwanachama kufanya kazi nchi nyingine. Makubaliano ya kutambuliana sifa yametiwa sahihi kwa taaluma chache, zikiwamo za wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Fani yako haimo, na kwa hiyo mwajiri wa Rwanda ataamua mwenyewe. Ndiyo sababu mtihani wa kimataifa una uzito kuliko cheti cha kuhudhuria semina, hata semina hiyo iwe imefanyika katika hoteli ya kifahari. Hakikisha ada ya mtihani imo ndani ya gharama zinazolipwa na benki. Wakikubali hayo, tia sahihi bila hofu: ukihama baada ya mwaka mmoja na nusu utadaiwa nusu, na nusu hiyo mwajiri mpya anaweza kuombwa akulipie. Wakikataa yote, jibu lao litakuwa limekuonyesha namna watakavyokutendea siku ya kuaga.

Assalaam alaykum. Mimi natokea Unguja, na huu ni mwaka wa sita niko Muscat nikimtunza bibi mzee aliyepooza. Nimejifunza kwa wauguzi waliokuwa wakija nyumbani: kumgeuza asipate vidonda, kumlisha kwa mpira, kupima sukari na presha. Mkataba wangu unakaribia kwisha. Wapo wanaoniambia niende Uingereza kufanya kazi ya kulea wazee, na wapo wanaoniambia nirudi nisomee uuguzi. Nifuate lipi? *Msomaji, Muscat*

Wa alaykum salaam, dada. La Uingereza nalijibu kwanza kwa sababu linaweza kukupotezea akiba yako. Njia ya viza kwa walezi wa wazee ilifunguliwa Februari 2022, na ikafungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi hiyo Julai 22, 2025. Anayekuomba fedha leo ili akupeleke kwa kazi hiyo anauza kitu ambacho hakipo. Njia ya wauguzi ipo bado, lakini ni ya muuguzi aliyekwisha kusomea na kusajiliwa kwao, ambaye hufanya mtihani wa kompyuta na mwingine wa vitendo kabla ya kusajiliwa na baraza la wauguzi la Uingereza.

Kuhusu kurudi nyumbani kusomea uuguzi, miaka yako sita haitachukua nafasi ya ufaulu wa kidato cha nne, ambao ndio mlango wa vyuo vya afya, na masomo ya biolojia na kemia huangaliwa kwa ukali. Kama unao ufaulu huo, omba chuo, na mambo uliyoyafanya kwa mikono yako yatakufanya uelewe darasani upesi kuliko wengi. Kama huna, unaweza kurudia mitihani ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Iko pia njia ambayo huenda hujaambiwa. Tangu mwaka 2020 Ujerumani ina mafunzo ya uuguzi wa pamoja ya miaka 3, yanayounganisha uuguzi wa watoto, wa hospitali na wa wazee, na mwanafunzi hulipwa tangu mwezi wa kwanza. Wanataka elimu ya sekondari na lugha, tena lugha ya kuzungumza kweli na mgonjwa. Hapo uzoefu wako una faida, kwa sababu nyumba za wazee zinazochagua wanafunzi huwapenda watu ambao wamekwisha kumwosha na kumlisha mgonjwa, na wakaendelea na kazi hiyo.

Kabla hujapanda ndege, jipatie barua. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi anapoachana naye, na ya Kenya ya mwaka 2007 inasema hivyohivyo. Huko Oman wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao mbali na sheria ya kazi ya jumla, na kwa hiyo barua yako utaipata kwa kuiomba vizuri, na kwa kuiomba mapema, kabla hayajaanza mazungumzo ya tiketi na mshahara wa mwisho. Itaje tarehe ya kuanza na ya kumaliza, hali ya mgonjwa, na kila kazi uliyoifanya. Iandikwe kwa Kiarabu, itafsiriwe, na ikiwezekana muuguzi mmojawapo wa wale waliokufundisha aandike mistari michache ya kuthibitisha aliyokuona ukiyafanya. Ukifika Unguja, ipeleke Mamlaka ya Mafunzo ya Amali uulize ni mafunzo gani ya huduma unaweza kuingia moja kwa moja. Huruma uliyokuwa nayo kwa bibi yule haiwezi kuandikwa kwenye cheti, lakini kazi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache kwa miaka sita, bila kumwacha apate kidonda, inaandikika, na ninataka iandikwe.

Nina miaka 46. Niliendesha malori makubwa ya mgodini hapa Kahama mpaka mgodi uliposimama, kisha nikafanya kandarasi za muda mfupi, moja ikiwa Zambia. Kila mgodi ninaokwenda wananipima upya kama vile sijui kitu. Je, kwa umri huu bado naweza kubadili njia? *Mwendesha mitambo, Kahama*

Kaka, kupimwa upya mgodini si dharau. Kibali cha kuendesha mtambo ndani ya mgodi hutolewa kwa mgodi ule, kwa sababu miteremko yake, njia zake na taratibu zake za redio ni tofauti, na kosa moja la dereva wa lori lile linaua watu. Lakini ndani ya barua yako kuna jambo zito zaidi, nalo ni umri. Mwaka 2017 mwanauchumi wa Marekani Eric Hanushek na watafiti wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha nchi 11, wakaona kwamba waliosomea ufundi hupata kazi haraka kuliko waliosoma elimu ya jumla wakiwa vijana, ila faida hiyo hupungua kadiri umri unavyosonga, na hali hiyo ilijitokeza kwa nguvu zaidi katika nchi zenye mifumo mikubwa ya uanagenzi kama Ujerumani, Denmark na Uswisi. Wapo wanaousoma utafiti huo kama sababu ya kuudharau ufundi. Mimi nausoma kama hoja ya kumpa fundi mafunzo mara ya pili katikati ya maisha yake ya kazi.

Singapore wamelielewa hilo. Mwaka 2015 walianzisha mpango wa kumpa kila raia aliyefikisha miaka 25 dola 500 za nchi hiyo kwa ajili ya mafunzo, na Mei 2024 wakaongeza dola 4,000 kwa waliofikisha miaka 40. Kwetu Tanzania, waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi ya asilimia 3.5 ya mishahara, baada ya kupunguzwa kutoka asilimia 4 mwaka 2023. Mipango ya mafunzo inayotangazwa mara nyingi humlenga kijana asiye na kazi, na kijana anastahili. Lakini mtu wa miaka 46 ambaye mgodi wake umesimama amechangia jasho lake miaka ishirini, ana watoto shuleni, na naona ni haki kabisa sehemu ya fedha hizo itengwe kwa ajili ya watu wa umri wake.

Katika hali iliyopo leo, njia inayokufaa zaidi kwa maoni yangu ni ya kufundisha. Jiulize ni waendeshaji wangapi wapya waliokaa kiti cha pembeni wakajifunza kwako. VETA ina chuo chake cha ualimu wa ufundi stadi Morogoro, na kampuni za mitambo nazo huajiri wakufunzi wa kuwapima madereva. Ili ufike huko utahitaji leseni ya daraja linalofaa iliyo hai, cheti cha ufundi kinachotambuliwa nchini, na kumbukumbu za mafunzo uliyopewa na uliyoyatoa. Hizo kumbukumbu ziko kwa kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi wako. Mgodi ukifungwa kampuni huendelea kuwapo, na ofisi yake ya rasilimali watu hutunza majalada. Waandikie barua wiki hii, taja namba yako ya ajira na miaka uliyofanya kazi, uombe nakala ya rekodi yako yote ya mafunzo pamoja na majina ya mitambo uliyoidhinishiwa, na uwaombe waigonge muhuri.